Hasira ya Mshubiri

Kaeni, na wewe Nambua mke wa mwanangu, kaa mbele nikuone. Weka hilo kopo la chumvi chini. Asubuhi hii mkwe wako Eliakunda, mke wa mwanao, amerukiwa na mafuta ya maandazi mkononi, na badala ya maji umemkimbilia kwa chumvi, tena ukimgombeza kwa mafuta yaliyomwagika. Nimekasirika na sifichi. Mkono wake umo kwenye beseni la maji sasa, na utakaa humo mpaka niseme. Tunapongoja, sikilizeni jinsi mshubiri ulivyopata uchungu wake.

Zamani hizo mshubiri haukuwa mchungu hata kidogo. Majani yake yalikuwa laini, hayana mwiba, na ndani yalijaa utamu, na wazee waliyamenya na kuyatafuna baada ya chakula. Uliota nyuma ya nyumba, mbali na jiko, na wanawake waliopika hawakuruhusiwa kuugusa. Mimea ilisema wakati huo, ila mshubiri ulikuwa mpole na hakuna aliyewahi kuusikia ukipaza sauti.

Watu wa mlima wetu huu walikuwa na desturi moja ya kipumbavu. Samahani, ni mababu zangu, lakini ilikuwa ya kipumbavu. Mke mpya akiungua jikoni, walisema moto umemkataa. Basi alipakwa chumvi palepale kwenye jeraha, huku watu wakimtazama. Akinyamaza, alibaki. Akilia, alifungashiwa vitu vyake akarudishwa kwao, na kwao walimpokea kwa aibu, kwa sababu hakuna aliyemwoa tena.

Siku moja aliletwa mke aitwaye Nakijwa, na mama mkwe wake alikuwa Namsifu, mwanamke aliyejua kupika na pia kusema watu vibaya, vyote kwa ustadi. Nakijwa aliwekwa kwenye mafiga awapikie wazee kiburu, ndizi na maharage, katika chungu kikubwa kupita nguvu zake. Alipougeuza mwiko, rojo zito la moto likaruka likamwangukia mgongo wa mkono.

"Mama, naomba maji," alisema.

"Maji hayo ni ya wazee kunawia," alijibu Namsifu, na mtungi ulikuwa umejaa hadi mdomoni.

Akachota chumvi, akamsugua nayo. Nakijwa aliuma kitambaa chake cha kichwani wala hakulia. Wazee wakatikisa vichwa kwa kuridhika, wakala, wakashiba, wakatafuna majani yao matamu. Hakuna hata mmoja aliyeutazama ule mkono. Ndiyo maana nikiisimulia hadithi hii damu hunichemka, kwa sababu walikuwa wengi na maji yalikuwepo.

Malengelenge yalipasuka, mkono ukavimba, vidole vikakataa kukunjika. Nakijwa akashindwa kushika mwiko. Namsifu akasema mke asiyeshika mwiko hana kazi pale, akamtupia mkeka wake uani. Kwa hiyo alinyamaza bure, akafukuzwa vilevile.

Nakijwa alipopita nyuma ya nyumba aliketi kando ya mshubiri, akalia kilio chote alichokuwa amekizuia. Mshubiri ulikuwa umeona kila kitu. Uliliinamisha jani lake bichi zaidi, ukalipasua wenyewe, ukaliweka juu ya mkono ule. Baridi ikaingia, maumivu yakatulia, na kwa mara ya kwanza tangu aungue Nakijwa alipata usingizi.

Alipokuwa amelala, Namsifu akaja kukata majani ya wazee. Hapo mshubiri ukaghadhibika. Ulitoa meno ukingoni mwa kila jani, ukamkwaruza vidole. Hasira nyingine ikashuka ndani, ikageuka maji ya njano, machungu kupita kiasi. Wazee walipouma, walitema, wakakohoa, wakasukutua vinywa kwa ule mtungi wao wote wa maji, na uchungu haukutoka.

Katika ghasia ile Namsifu alirudi jikoni akiwa na haraka, akakishika chungu cha moto kwa mikono mitupu. Alipiga yowe lililofika bondeni. Mzee mmoja, kwa mazoea tu, akanyoosha mkono kwenye chumvi.

"Hapana!" alilia Namsifu. "Chumvi hapana! Inauma!"

Yowe lile lilimwamsha Nakijwa. Angeweza kuendelea na safari yake, na mimi nisingemlaumu. Lakini alishuka mtoni kwa mkono wake mmoja mzima, akaleta maji, akayamimina juu ya mikono ya Namsifu polepole, kwa muda mrefu. Kisha akakata jani la mshubiri. Likatema maji ya njano. Hakulipaka. Alilisimamisha, likachuruzika hasira yake mpaka ikaisha, akaliosha, akalimenya, na ndani akakuta ute mweupe, baridi ileile. Huo ndio aliompaka.

Namsifu akaanza kusema mengi ya kumshukuru. Nakijwa akamkatiza.

"Sijakusamehe," alisema. "Nimekupoza tu."

Akang'oa chipukizi la mshubiri, akalipanda mlangoni mwa jiko mbele ya wazee wote, na hakuna aliyethubutu kumwambia aondoke.

Na tangu siku hiyo mshubiri una meno na uchungu, na unakaa mlangoni mwa jiko. Tangu siku hiyo kwetu anayeungua humwagiwa maji kwanza, maswali baadaye, na mama mkwe ndiye humpandia mke mpya mshubiri wake. Nasema majeraha madogo ya jikoni. Kubwa ni la hospitali, msije mkaniletea hapa.

Sasa Nambua, inuka. Kamkatie Eliakunda jani, na ulisimamishe hadi njano yote iishe. Kisha mpake kwa mkono wako mwenyewe.

Na usiniulize kama bado nimekasirika. Jani litamaliza kuchuruzika kabla yangu.