Pimbi na Jezi ya Kobe

Hadithi hii aliianza bibi yetu Mwanaidi binti Shomari, jikoni kwake Muheza, mwaka 1974, siku alipogombana na wajomba zetu kuhusu mpira. Naiandika kama alivyoisema.

Zamani, wanyama walipokuwa na nyumba zenye milango na kufuli, walikuwa na timu yao. Kobe aliichezesha kwa misimu kumi na miwili. Alikuwa mzito wa miguu, lakini kila pasi yake ilimkuta mtu. Magoti yalipomshinda, timu ikatafuta mrithi wake. Kila msimu walimchagua mwenye shuti kali kuliko wote, na kila msimu walifungwa, jezi ikarudi kwa Kobe.

Mwaka wa tano Mwenyekiti Kifaru akatangaza, "Utaratibu ni uleule. Kila mtu anapiga mara moja. Mpira unaposimama, Kanga anachomeka kijiti. Wa mbali zaidi anavaa jezi. Watakaoshindwa ambao hawana namba kikosini wakabidhi njumu, wakashangilie na akina mama."

Asiye na namba alikuwa mmoja tu: Pimbi, mdogo kama kikapu, aliyekaa benchi tangu utoto.

Tembo akapiga. Puu! Mpira ukasimama kwenye shamba la muhogo. Nyati akapiga. Puu! Ukasimama kisimani.

"Pimbi, usijisumbue," Nyati akasema. "Utaumia kidole."

"Nitajaribu, kaka. Mwenyekiti, kijiti ni pale mpira unaposimama?"

"Ndivyo ilivyo tangu enzi za babu yangu. Piga tukale."

Pimbi akaugusa. Tik. Mpira ukajiviringisha hadi kwa Pundamilia.

"Punda, huo wako. Au mbio zako ni za kukimbilia chakula tu?"

"Unaniambia mimi?" Pundamilia akatimka nao hadi shamba la muhogo, Nyati akimfuata mbio. Pimbi alikuwa ameshatangulia kwa njia ya mkato.

"Mpe Nyati. Ingawa kichwa chake ni cha kufugia pembe."

Nyati akaupiga kichwa kwa hasira, ukavuka kisima. Ng'ambo ya pili Pimbi akamnong'oneza Tembo, aliyekuwa ametangulia kunywa maji, "Mzee, wanasema huwezi kupiga mpira unaotembea." Puu! Ukaenda kumwangukia Kifaru, aliyekuwa ameshaanza safari ya kwenda kula.

"Mwenyekiti, uko miguuni kwako. Unauona, au tumbo limeuziba?"

Kifaru akaupiga kwa nguvu zake zote. Ukasimama uani kwa Fisi, kijiji cha tatu. Kanga alifika na kijiti chake adhuhuri, ulimi nje.

"Umetudanganya," Kifaru akafoka walipokwenda kwa Kobe kuchukua jezi. "Tuliopiga ni sisi."

"Kweli kabisa, Mwenyekiti. Mara ya mwisho kupasiana ninyi wenyewe ilikuwa lini?"

Nyati akajifanya anakuna pembe.

Kobe akacheka mpaka gamba likagonga ukuta. Akavua jezi, akamvisha Pimbi. Ikamfunika hadi kwenye kucha.

"Niikate, babu?"

"Usiikate. Na mimi ilinifunika."

Pimbi aliivaa misimu kumi na mitatu.

Mchezeshaji hutafutwa kwa kutazama anavyowachezesha wenzake, si kwa kupima shuti lake.

Kifaru amekufa, Tembo na Nyati wamekufa, Pundamilia na Kanga pia. Pimbi alizikwa na jezi yake. Aliye hai ni Kobe peke yake, na magoti bado yanamuuma.