Ncha ya Ukili wa Bi Mize

“Mshika ncha hahesabu ukili.” Mmeisikia methali hii leo, wanangu, mkaniuliza imetoka wapi. Basi ilianzia kwenye banda la wasukaji mikeka, kando ya magofu ya Shungi.

Asubuhi moja Bi Mize alikuwa akimalizia ukili wa rangi, ule msuko mwembamba mrefu ambao hushonwa kando kwa kando ukawa mkeka. Ulikuwa wa harusi ya bintiye, Ijumaa ile. Mara mzee asiyemjua akaingia bila hodi, kofia mkononi. Alikuwa Mzee Maganga wa Tabora, aliyekuja kumwonyesha mjukuu wake magofu.

“Mama, Kalunde wangu ametumbukia kisimani.”

Kisima hicho cha magofuni kilikuwa kikavu, lakini kirefu, na kuta zake zilimeguka kila zilipoguswa. Hakuna aliyethubutu kumvuta mtoto kwa kamba. Wanaume wakakimbilia ngazi ya msikitini, mbali. Chini gizani Kalunde alilia kwamba ataachwa peke yake.

Bi Mize, aliyemfuata mzee mbio na ukili mkononi, akauteremsha kisimani.

“Shika ncha, mwanangu. Ukivuta, nami navuta. Siachii mpaka utoke.”

Ukavutwa kidogo. Naye akavuta. Kilio kikapungua.

Mara mvua ikaanza. Ukili wa rangi ukiloa kabla ya kushonwa, rangi huchuja na mkeka huharibika. Bi Subira, msukaji mwenzake, akaja mbio amejifunika kanga.

“Mize, utoe huo. Ijumaa utamkalisha bibi harusi juu ya tambara?”

“Nimemwahidi mtoto.”

“Mtoto haoni huko chini. Mwambie tu umeshika.”

Bi Mize akautazama wekundu ukimchirizika mpaka viwikoni. Miezi miwili ya kazi. Vidole vyake vikalegea. Papo hapo ukili ukavutwa kutoka chini, taratibu, kama mtu anayebisha hodi.

Akakaza mkono, akavuta.

Subira akaguna. “Haya, mkaidi wewe.” Akatandaza kanga yake juu ya vichwa vyao wote wawili.

Ngazi ilifika mvua ikiendelea. Kalunde akapandishwa, mguu umeteguka, lakini mzima. Babu yake akaketi topeni, akashusha pumzi ndefu. Viganja vya mtoto vilikuwa vyekundu kama vya Bi Mize, na bado vilishika ncha.

“Bibi, sasa niachie?”

“Achia, mwanangu. Umeshatoka.”

Ndipo naye akaachia. Ijumaa bintiye aliketi juu ya mkeka uliochujuka, na wageni walipouliza, Subira ndiye aliyewajibu: mshika ncha hahesabu ukili.