Mkono Juu ya Bega la Kulia

Mtu mmoja alikuwa na mke na kamera ya sinema, na haikutokea siku akaambiwa achague. Jina lake lilikuwa Zefania, na mkewe aliitwa Namsifu, binti wa milima ya Upare. Kazi yao ilikuwa kusafiri nchi za ng'ambo, kuingia misitu ambayo hata wenyeji wake wanaiogopa, na kuwapiga picha wanyama wa huko, wengi wasiopatikana kwetu. Watu wa nyumbani hawakuielewa kazi hiyo. Walisema wawili hao wamekosa mtoto wa kulea, wakaona bora wakalee dubu. Namsifu aliyasikia maneno hayo na kuyacheka mbele ya waliosema. Walipoondoka aliacha kucheka, akaendelea kufunga mizigo.

Porini walikuwa na utaratibu wao. Zefania alipiga magoti nyuma ya kamera, jicho kalibandika kwenye kioo. Namsifu alisimama nyuma yake, upande wa bega la kulia, na bunduki mkononi. Mume aliangalia picha na mke aliangalia hatari. Walishajifunza, tena kwa kuponea chupuchupu, kwamba mnyama akiona kichwa cha mtu kinageuka ghafla, ama hukimbia ama hurukia. Kwa hiyo wakawekeana sharti: Zefania asigeuke. Namsifu akiona mambo yanaharibika, amwekee mkono begani. Mkono ukiwa begani, maana yake tulia, usijitikise, mimi nipo. Mkono ukiondolewa, maana yake yamekwisha, sasa geuka twende zetu.

Mkono huo ulimwokoa mara nyingi. Ulimwokoa kwa dubu jike aliyekuwa na watoto nyuma ya kichaka, ukamwokoa kwa nyati aliyekuwa amelala ndani ya matope na pua tu ikionekana. Zefania hakuwaona hao mpaka walipoanza kuondoka. Alichokiona ni kwamba kila mkono ulipotua, kamera ilitikisika na picha ikaruka. Hilo lilimkera. Alipenda picha iliyotulia kama maji ya mtungini, na wakati wa kuiunganisha mikanda alizitafuta zile sehemu zilizoruka, akazikata na kuzitupa.

Picha zake zilitia fora. Kumbi zilijaa, na humo ndani watu walifanya jambo ambalo hawakuweza kulieleza. Mnyama alipotokea mbele yao na kuinua macho, waligeuka. Waligeuka nyuma, upande wa kulia, wakatazama mgongoni kwao kama kuna mtu kaingia, kisha wakacheka kwa haya na kusogeleana. Zefania alisimama mlangoni akiwatazama na kifua kilimjaa. Aliona huo ndio ufundi wake.

Siku moja walikuwa kando ya mto wa nchi hiyo ya mbali. Namsifu alikuwa ameketi juu ya jiwe, amemaliza kuosha nywele, na jua lilikuwa zuri. Akasema, "Leo igeuzie huku basi, mume wangu. Na mimi nimo safarini."

Zefania alikuwa akikifuta kioo cha kamera. Akacheka bila kuinua uso. "Mkanda umebaki kidogo, mke wangu, na wanyama hawangoji. Wewe upo kila siku."

Hakuwa mkatili, msimwonee. Alisema alivyoona, na hivyo ndivyo wengi wetu tunavyoumizana majumbani, kwa maneno mepesi, tukiwa na kitambaa mkononi tunafuta kitu kingine. Namsifu akazifunga nywele zake zikiwa bado mbichi, akaenda kuangalia moto.

Mnyama aliyekuwa akimkosesha Zefania usingizi ni chui milia, yule mkubwa wa misitu ya kule, mwekundu mwenye mistari myeusi. Msimu mzima walimfuata wakaambulia nyayo zake tu. Asubuhi moja zikaonekana nyayo mbichi kando ya dimbwi, katikati ya mianzi. Asubuhi hiyo hiyo Namsifu aliamka na homa. Alimpa mumewe kikombe cha chai, na vidole vyake vilipomgusa vilikuwa vya moto kuliko kikombe.

"Mwili wangu hauko sawa leo," akasema.

"Tukimpata huyu tutapumzika," akajibu Zefania, na tayari alikuwa ameitia kamera begani. "Kesho hutainuka kitandani, nitapika mimi."

Namsifu akachukua bunduki, akamfuata.

Walikaa kwenye mianzi mpaka jua likawa kali. Hakukuwa na upepo, wala ndege hakulia. Ndipo chui milia akatokea upande wa pili wa dimbwi bila sauti yoyote. Zefania akaiwasha kamera. Yule mnyama alisimama, akatazama, akainama, akasogea akiwa ameshusha tumbo karibu na ardhi. Alikuja polepole kwenye maji ya kina kifupi, hatua kwa hatua, mpaka kichwa chake kikajaa kwenye kioo. Zefania hakuwahi kupata picha ya namna hiyo maisha yake yote. Hata woga aliusahau.

Mkono ukatua begani.

Akatulia. Yule mnyama naye akatulia. Halafu akalaza masikio, akarudi kinyumenyume ndani ya maji, jambo ambalo Zefania hakuwa amewahi kuliona kwa chui wa aina yoyote, akageuka na kutoweka. Zefania alitaka kupiga kelele za furaha, lakini mkono ulikuwa bado upo na sharti ni sharti. Akangoja. Mkono ulikuwa mzito kuliko siku zote, na ubaridi wake ulipenya shati ukamfika mfupani. Mwisho ukaondolewa. Akageuka akicheka.

Namsifu alikuwa amelala chini ya mianzi, bunduki iko chini yake. Macho yalikuwa wazi. Sisimizi walikwisha kutengeneza njia yao juu ya kiganja chake.

Alizikwa huko huko, kwa maana safari ya kumrudisha ilikuwa ndefu na joto ni kali. Zefania akarudi peke yake. Aliwaambia watu kuwa mkewe alianguka wakati ule ule alipoondoa mkono, na alilisema mara nyingi mpaka akaliamini. Wale sisimizi hakumtajia mtu. Mkanda wa chui milia aliusafishisha kwa sababu ulikuwa kazi, kisha akauweka kabatini. Hakuwa na ubavu wa kuutazama.

Ndipo mama yake Namsifu akateremka kutoka milimani. Alikuja na mfuko wa tangawizi za shambani kwake, akauweka mlangoni, akaketi kwenye kiti cha mbali kidogo kama anavyokaa mtu na mkwe wake. Hakuja kulaumu. Alimwuliza habari za afya, akamwuliza kama anakula, kisha akasema lililomleta.

"Baba, mimi sikumwosha mwanangu. Sikumwona wala sikutupa udongo. Kila nikifumba macho namwona alivyokuwa msichana, uso wake wa utu uzima unanipotea. Wewe una mapicha mengi, nchi nzima inasema. Nionyeshe mwanangu hata mara moja, nikaweze kulala."

"Yamo mengi, mama," akasema Zefania. "Tutamwona mpaka uchoke."

Aliamini anachokisema. Akafunga mapazia, akatundika shuka jeupe ukutani, akaiwasha mashine ya kuonyeshea picha. Dubu akapita na watoto wake. Mamba wakajianika. Akaweka mkanda mwingine, na mwingine. Nyani, tembo wa kule wenye masikio madogo, ndege wa rangi zote. Mama alitazama akiinamia mbele kila mkanda ulipoanza na kurudi nyuma kila ulipokwisha. Zefania akaanza kuibadilisha mikanda kwa haraka. Alifikiri labda yumo kwenye mikanda ya mwanzo, ile ya walipokuwa wageni wa kazi, akaitafuta. Hakuwamo. Hakukuwa na mkono wake, wala kivuli chake majanini. Maisha yao yote yalikuwa yamepita juu ya lile shuka, na mwanamke hakuwamo.

Akazima mashine, akabaki ameinama. "Nisamehe, mama," akasema. "Sikumpiga. Nilidhani yupo."

Mama hakuonekana kukasirika. Alikuwa bado analitazama shuka tupu.

"Hawa wanyama," akasema, "wanamtazama nani?"

Zefania hakuelewa.

"Hawakutazami wewe, baba. Dubu hakukutazama, mamba hakukutazama. Wote wanatazama pembeni yako, juu kidogo. Mwanangu alikuwa akisimama wapi?"

Zefania aligusa bega lake la kulia bila kujua kuwa ameligusa. Alikumbuka kumbi zote zile na watu wote wale waliogeuka nyuma, na yeye mlangoni akijisifu.

"Basi wanamtazama yeye," akasema mama. "Wao walimwona. Kuna mkanda mwingine umebaki?"

Angeweza kusema hapana. Lakini mama alikuwa ametoka mbali, naye hakuwa na kingine cha kumpa. Akalifungua kabati, akautoa mkanda wa chui milia ambao haukuwa umekatwa mahali popote, akauweka kwenye mashine.

Yule mnyama akatokea kando ya dimbwi. Akainua macho, akatazama pembeni, juu ya bega la kulia, kama walivyotazama wote. Zefania akasikia mama akivuta pumzi. Kisha macho ya mnyama yakashuka. Yalishuka yote kwa mara moja, yakifuata kitu kilichoanguka, yakatua chini na kukaa hapo. Ndipo mnyama akainama. Sasa aliyaondoa macho pale chini na kumtazama Zefania mwenyewe, waziwazi, na akaanza kuja, kwa maana hapakuwa na mtu tena wa kumzuia. Hii ndiyo picha ambayo Zefania aliiona bora kuliko zote. Alikuwa akiletewa kifo naye akifurahia mistari.

Na picha ilikuwa bado imetulia. Hakuna mkono uliokuwa umemgusa.

Mnyama alikuja mpaka kichwa kikajaa kwenye shuka. Akasimama. Macho ya mnyama yakamwacha Zefania, yakarudi pale chini, halafu yakaanza kupanda. Yalipanda polepole, kama mtu anavyomtazama mwenzake akiinuka kutoka mkekani, magoti, kiuno, kifua, mpaka yakafika juu ya bega la kulia yakakaa. Picha ikatikisika.

Mkanda ukaisha, gurudumu likaendelea kuzunguka na mwanga mtupu ukabaki ukutani. Zefania alijua sasa kwamba mkewe alikufa kwanza, akamlinda baadaye. Alijua pia ni mitikisiko mingapi ya namna ile aliyokuwa ameikata kwa mkasi na kuitupa.

Ndipo mkono ukatua begani mwake.

Ulikuwa mzito na wa baridi, na ulipenya shati. Zefania akatazama mbele kwa mazoea, na mbele yake alikuwa mama. Mama alikuwa ameinuka kwenye kiti. Alitazama juu kidogo ya bega la mkwe wake, na uso wake, uliokuja umekunjamana kwa safari na kwa kukosa usingizi, ulikuwa umefunguka kama wa mama yeyote anayemwona mwanawe akiingia nyumbani na mizigo yake.

"Geuka, baba," akanong'ona. "Geuka umwone, amependeza."

Zefania alitaka kugeuka. Hakuna alichowahi kukitaka kama hicho. Lakini shingo ilikuwa na miaka mingi ya utii, na mkono ulikuwa bado upo begani, na mkono ukiwa begani mtu hutulia. Akajiambia nitageuka ukiondolewa. Machozi yalimtiririka mpaka kidevuni, naye akangoja.

Mkono ukaondolewa. Akageuka kwa nguvu hata kiti kikaanguka. Aliliona pazia tu, na mwanga wa mchana kwenye upindo wake.

Mama alilala nyumbani humo usiku huo, usingizi mzito, na asubuhi akapanda kurudi milimani akiwa hana tena la kuomba. Zefania anaishi hadi leo. Huketi ameupa mlango mgongo, na wageni wakiingia hawamsalimu mpaka wazunguke mbele, kwa sababu mtu akimgusa bega la kulia huanza kulia.

Na wewe unayemhurumia Zefania, mkono ulio begani mwako sasa hivi ni wa nani, nawe unangoja uondolewe ndipo ugeuke?