Nani Ahame, Mwenye Teksi au Mwenye Vitumbua?

Kabla hujapeleka malalamiko kwa mwenye nyumba wako, soma hii kwanza. Ukimaliza, mrushie jirani mnayegombea naye maegesho. Mrushie hata kama hamsalimiani. Tena hasa kama hamsalimiani.

Palikuwa na jengo la kupanga huko Kimara, Dar es Salaam. Jengo lenyewe halina neno, maji yanatoka, majirani watu wa heshima zao. Kasoro ilikuwa uwanja wa magari. Uwanja gani, bwana! Ni kijia chembamba kati ya jengo na ukuta. Magari yanaingia moja nyuma ya jingine, na geti ni hilo hilo moja. Aliyeingia wa mwisho amewafungia wenzake wote.

Lakini wapangaji walikuwa na utaratibu wao. Anayeingia wa mwisho anaacha gari bila gia na bila hendibreki. Anayewahi kutoka analisukuma taratibu mpaka nje ya geti, anatoa lake, analirudisha la mwenzake, anakwenda zake. Hakuna kugongeana milango, hakuna honi. Waliishi hivyo miaka na miaka, raha mustarehe.

Aliyekuja kuuvunja utaratibu huo ni Kandidi.

Kandidi alikuwa dereva wa teksi, hizi za kuitwa kwa simu. Kazi yake ya usiku, kwa hiyo kila siku yeye ndiye wa mwisho kuingia. Asubuhi moja akakuta ubavu wa gari umechubuka, kovu refu kutoka mlangoni mpaka kwenye taa ya nyuma. Gari lenyewe si lake, ni la tajiri wake, na tajiri akamsema mbele za watu kama mtoto mdogo. Iliuma kweli.

Alivyorudi akaenda moja kwa moja kwa Mama Editha, mjane anayekaa vyumba vya chini, maana ndiye anayetoka wa kwanza kila siku.

"Mama, umenichubulia gari."

"Mimi? Mtafute aliyekuchubulia, baba. Mimi usinitafute."

"Ni nani mwingine anayelisukuma alfajiri?"

"Aa, we kijana, usinipandishie sauti mlangoni kwangu!"

Basi. Kuanzia siku hiyo Kandidi akiingia anavuta hendibreki, anatia gia, anafunga milango, anapanda kulala.

Sasa Mama Editha kazi yake ilikuwa kupika chai ya mafundi. Vitumbua, chapati na supu, anavipakia kwenye gari lake dogo na kuvipeleka saiti kabla watu hawajashika zege. Na fundi mwenye njaa hamsubiri mtu. Ukichelewa, anakunywa chai kwa mwingine, na kesho harudi kwako. Kwa hiyo kila alfajiri Mama Editha akawa anapanda ngazi na kugonga.

"Kandidi, mama wa watu anagonga," mkewe Leokadia humwambia. Leokadia alikuwa mjamzito, siku zake zimekaribia.

"Mwache agonge."

Niseme ukweli wote: Kandidi alikuwa macho. Alikuwa anasikia kila kishindo, kisha anajifunika mto na kuhesabu hilo kuwa ushindi. Akishuka, anashuka kwa mwendo wa bwana harusi, na matusi ya alfajiri yanaanza. Jengo zima likaamka nayo. Punde wapangaji wengine nao wakaanza kufunga magari yao kwa gia, na ukija pale asubuhi unadhani ni mnadani.

Habari zikamfika mwenye nyumba, Bi. Mwanahawa. Mama wa makamo, mpole wa sauti, lakini akisema amesema. Akaja, akawaita wote wawili.

"Shikamoo, Bibi," wakamwamkia kwa pamoja, kila mmoja ameshajiandaa na mashtaka yake.

"Marahaba. Kaeni. Na midomo mfunge, sijaja kusikiliza kesi leo. Nimechoka. Mmoja wenu atahama nyumba yangu."

Kandidi akapiga hesabu haraka. Ahame na mke wa hali ile? Hospitali ya kujifungulia iko mtaa wa pili tu, na majirani wote wameshaahidi kusaidia. Wapi tena atapata hivyo?

"Ijumaa narudi," Bi. Mwanahawa akaendelea. "Kandidi, wewe utasimama hapa umtetee Mama Editha. Mama Editha, wewe utamtetea Kandidi. Sitaki kusikia mtu anajisemea mwenyewe. Atakayeshindwa kumtetea mwenzake vizuri, huyo ndiye anafunga mizigo."

"Bibi, sasa mimi nitamtetea vipi mtu ambaye..." Mama Editha akaanza.

"Hayo ni yako. Mimi nimemaliza."

Kandidi alirudi chumbani anachekelea kimoyomoyo. Mtoto wa mjini huyu, anajua kuongea. Akamwambia Leokadia, "Kumbe kazi ndogo. Nitamchunguza yule mama, nijue shida zake, Ijumaa nizimwage mpaka Bibi alie. Atahama yeye."

"Una roho wewe," mkewe akasema, akageukia ukutani.

Kesho yake alfajiri Kandidi akaamka kabla ya kugongewa, akashuka ngazi kwa kunyata kwenda kufanya uchunguzi wake. Akamkuta Mama Editha ameketi pembeni ya kigari chake. Vyakula vimeshapakiwa, sufuria la supu amelizungushia blanketi na juu yake khanga, na yeye amelikumbatia kwa mikono miwili lisipoe. Ametulia tu. Wala hakuwa na dalili ya kupanda ngazi.

Kandidi akashangaa. "Mama, mbona leo hugongi?"

Mama Editha hakumtazama. "Jana nilimwona mkeo amevimba miguu. Nikasema leo wacha apate usingizi. Wewe ungeshuka ukiamka."

"Na chai ya mafundi?"

"Si itachelewa tu. Itakuwa mara ya kwanza? Saiti moja wameshaniacha."

Kandidi akatoa funguo. Akaingia garini, akalitoa nje ya geti. Mama Editha akapita na supu yake. Na unajua alichohisi Kandidi? Hasira! Maana alikuwa na chuki yake nzuri ameilea mwenyewe, na sasa mtu amemharibia.

Ijumaa ikafika. Bi. Mwanahawa akawekewa kiti pale pale uwanjani, wapangaji wakasimama kando kusikiliza. Kandidi akaitwa wa kwanza.

Akaanza vizuri, kama alivyojipanga. Akaeleza jinsi mama yule anavyoamka watu wamelala, anavyokanda, anavyokaanga, anavyopakia peke yake. Akaeleza kwamba saiti moja wameshamwacha kwa sababu ya kuchelewa. Watu wakatikisa vichwa. Alikuwa ameshashinda, angeweza kunyamaza hapo hapo.

Lakini akamwona Mama Editha ameinamisha kichwa, anasugua kucha zake zilizoganda unga, na maneno yaliyobaki yakamtoka bila kuyapanga.

"Halafu Bibi, kuna jambo bila kulisema nitakuwa sijamtetea. Mimi huwa sijalala. Anagonga namsikia, namwacha makusudi. Ile saiti haikumponyoka kwa uzembe wake. Nimemkosesha mimi."

Bi. Mwanahawa akageuka. "Haya, Mama Editha. Zamu yako."

Mama Editha akasimama.

"Huyu kijana anaendesha usiku kucha gari la mtu, Bibi. Likiguswa, anayetukanwa ni yeye. Ana mke anakaribia kujifungua. Anavuta hendibreki kwa sababu aliumizwa." Akageukia getini. "Na aliyemuumiza ni mimi. Siku ile niliharakisha, likanishinda kwenye nguzo ya geti. Alipokuja anafoka nikaogopa, nikakataa. Kisha nikashindwa kurudi kwenye ukweli. Nisamehe, mwanangu. Bibi, nimemaliza."

Watu wakaguna. Kandidi alisubiri hasira yake ije, haikuja. Akafuta macho kwa mkono wa shati.

"Bibi," akasema, "huyu mama amenitetea kuliko ningeweza kujitetea mwenyewe. Tena amejichoma ili anitetee. Amenishinda. Mimi nitahama."

"Uhame uende wapi na mke yule?" Mama Editha akamrukia. "Hebu acha ujinga! Mwenye kosa la kwanza mimi, nahama mimi."

"Mama, huhami."

"Nahama!"

"Nimesema huhami! Hayo masufuria yako nitayarudisha ndani kwa mikono yangu!"

"Thubutu uyaguse!"

Wapangaji wakatazamana, hawajui wacheke au waamulie. Ni hao hao wawili, uwanja ule ule, sauti ile ile ya kila alfajiri, ila sasa kila mmoja anampigania mwenzake.

Bi. Mwanahawa akajifunga mtandio wake, akainuka taratibu, akaelekea getini.

"Bibi, mbona unaondoka?" Kandidi akamwita. "Hujatuambia nani ahame!"

"Ule ugomvi wenu wa kwanza ndio niliokuja kuuamua," akajibu bila kugeuka. "Huu wa sasa nimeupenda. Endeleeni nao."

Funzo: Kabla hujaomba jirani yako aondolewe, simama kwanza mahali pake uitetee kesi yake kwa haki, bila kuficha sehemu inayokugusa wewe. Ukiweza kufanya hivyo, utagundua hutaki tena kumshinda.