Ukili wa Mgeni

Waumini wenzangu, walikuwapo akina mama wa kijiji kimoja wakisuka mkeka mkubwa wa msikiti kabla ya Idi. Mnajua kazi hiyo inavyokwenda: kila mmoja husuka nyumbani ukili wake, ule utepe mrefu wa majani, kisha kili zote hupelekwa kwa mshonaji mmoja aziunganishe. Na ili upana usipishane, mshonaji humpa kila mama kipande kidogo cha kufuatisha.

Mkeka ukashonwa. Ulipotandikwa, sehemu moja ikakunjamana, ikakataa kulala. Wakatazama, kumbe ni ukili wa mwanamke aliyeolewa pale juzijuzi kutoka mbali. Maneno yakaanza. Ufumuliwe, utupwe. Huko kwao wanajua kusuka? Mmoja akasema heri atolewe kikundini kabisa. Sisi tungesema nini? Msinijibu, nawajua.

Mshonaji alikataa. Nampenda sana mama yule. Hakumwita mgeni aje aaibike mbele za watu. Aliufumua ule ukili taratibu, akauficha ndani ya kanga yake ili njiani asiulizwe, akaenda mwenyewe kupiga hodi. Akakaribishwa, akaketi, wakajuliana hali kwanza.

"Mwanangu," akasema, "umesuka vizuri, sijaona jani lililolegea. Ila ukishonwa na wenzake unavuta. Hebu nionyeshe ulivyopima."

Binti akaleta kile kipande alichopewa. Mama akakipima kwa vidole. Kilikuwa chembamba. Na aliyekisuka ni mshonaji mwenyewe, cha mwisho, kwa haraka, akapunguza majani. Mtoto wa watu alikuwa amefuata kipimo kwa uaminifu kabisa.

"Hukuona kuwa kili za wenzako ni pana?"

"Niliona, mama. Lakini mimi mgeni, nitasemaje?"

Mama yule alirudi kikundini, akawaambia wote kwamba aliyekosea ni yeye. Ule ukili mwembamba hawakuutupa. Waliuzungushia mkeka kuwa pindo, na pindo likapendeza kuliko walivyotarajia. Na tangu siku hiyo, kabla hajatia sindano, mshonaji humgeukia yule mgeni akamuuliza anaonaje.

Ndugu zangu, na sisi tuna kazi mkononi. Madrasa yetu bado haijaezekwa, na kila mmoja wetu ana kosa la mwenzake mdomoni. Je, mama yule angepiga kelele mbele ya kikundi, aibu ingemrudia nani? Adabu yake ndiyo iliyomsitiri. Na wewe unayeona mambo yanapinda ukanyamaza, ukasema ni heshima, jua kwamba kimya chako nacho kimo katika mkunjo ule.

Basi kabla hujafumua kazi ya mwenzako, nenda kwake, keti, umwombe akuonyeshe kipimo alichofuata. Huenda ni wewe uliyempa.