Kabati la Dawa za Lea

Baridi ya Julai ilikuwa imeukumba mji wa Iringa. Katika nyumba moja ya Kihesa, Eveline alikuwa akijiandaa kurudi kazini baada ya likizo ya uzazi, na hofu ya kumwacha Lea, mtoto aliyempata baada ya kungoja sana, ilimkosesha raha. Alinunua kabati dogo jeupe, mumewe Jofrey akalipigilia ukutani, wakalijaza mahitaji ya mtoto: kipimajoto, pakiti za chumvichumvi za kutibu kuharisha, pamba, bandeji, mafuta ya upele na dawa ya maji ya kushusha homa.

Aliyekuja kumlea Lea ni Severina, mama yake Jofrey, aliyeacha shamba lake la viazi Igowole kwa ajili ya mjukuu. Alikuwa mpole kama maji ya mtungini. Katika ujana wake alizika watoto wawili, lakini hakuwahi kuwataja. Eveline alilijua jambo hilo kwa kunong'onezwa na mumewe.

"Mama, mtoto akichemka, mpe hii ya chupa ya kahawia," Eveline alimwelekeza. "Inakaa peke yake rafu ya juu. Pima kwa kikombe chake, hadi kwenye hii alama."

"Nimesikia, mwanangu. Maandishi madogo siyaoni tena, ila rafu ya juu naiona."

Mambo yakaenda vizuri kwa miezi kadhaa. Kisha Jumapili moja, Eveline alitoa vitu vyote kabatini ili afute vumbi. Kabla hajamaliza, simu iliita. Akavirudisha upesi huku simu ikiwa sikioni, pamoja na chupa nyingine ya kahawia iliyokuwa mezani, dawa ya mafua ya Jofrey. Hiyo ndiyo iliyokaa rafu ya juu. Ya Lea ilisukumwa chini, nyuma ya pamba.

Kesho yake Lea aliamka na homa ya meno. Eveline alipokwisha kwenda kazini, Severina alifungua kabati, akachukua chupa ya rafu ya juu, akapima kwa uangalifu, akamnywesha. Mchana homa ilipopanda tena, akamnywesha tena. Jioni Lea alilala usingizi usio wa kawaida. Alipoitwa hakufumbua macho; alipoinuliwa, shingo ililegea kama jani la mgomba lililopigwa na jua. Severina akawapigia simu wazazi.

Eveline aliingia akihema. Jambo la kwanza aliloliona jikoni ni sufuria ya mizizi ambayo mama mkwe huichemsha kwa ajili ya magoti yake. Hakuuliza. Alipandwa na mori.

"Umemnywesha mwanangu mizizi yako!" alifoka.

"Hapana, mwanangu. Nimempa ile ya..."

"Nyamaza! Wako wawili umewazika, sasa umekuja kuzika na wangu?"

Jofrey, aliyefika nyuma yake na bado ameshika mlango, alisema tu, "Eveline!" Severina alimweka mtoto mikononi mwa mama yake, akaketi juu ya kigoda.

Hospitalini daktari aliuliza mtoto amepewa nini. "Miti shamba," Eveline alijibu bila kusita. Daktari akahangaika kutafuta ni miti gani, na muda wa thamani ukapotea. Ni Jofrey aliyempigia mama yake na kumwuliza kwa upole, kisha akapanda bodaboda, akarudi na chupa. Eveline alipoiona, aliitambua. Aliikumbuka ile Jumapili na ile simu.

"Hii ni ya watu wazima, inaleta usingizi mzito," daktari alisema. "Ningeijua mapema tungeanza mapema."

Lea aliwekewa hewa ya oksijeni, akaangaliwa usiku kucha. Asubuhi alifumbua macho, akalilia ziwa. Kosa la mkono likapona bila kuacha kovu.

Eveline alirudi nyumbani, akapiga magoti mbele ya mama mkwe wake. "Nisamehe, mama. Chupa niliiweka mimi. Sikujua ninachosema."

"Nimekusamehe," Severina alijibu, akamwinua. Wala hakusema uongo. Lakini mwisho wa wiki alifunga mizigo yake, akapanda basi la kurudi Igowole, akisema viazi vinamngoja.

Krismasi ya mwaka uliofuata walikwenda kumtembelea. Aliwapokea kwa furaha, akawapikia, akamshonea Lea gauni. Lea, aliyekuwa amejifunza kutembea, alijikwaa uani, akaanguka, akaanza kulia. Aliinuka akamkimbilia bibi yake aliyekuwa karibu, mikono imenyooshwa. Severina alirudi nyuma hatua moja, mikono yake akaificha ndani ya kitenge.

"Nenda kwa mama yako, mjukuu wangu," alisema kwa sauti ndogo. "Mimi mikono yangu si ya kushikia watoto."

Eveline alimbeba mwanawe. Goti la Lea lilikuwa limechubuka kidogo tu, na kabla ya chakula cha mchana alikuwa amekwisha kulisahau. Hakika, heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi.