Kondoo Waliozunguka

"Wajukuu, niseme?"

"Sema, Babu!"

Basi enzi hizo, nyasi za milimani zilimfika ndama kifuani, na kondoo alikuwa na mkia hasa, si hivi vijikia vyenu vya leo. Ah, siku zile! Paliishi mzee Lekishon na mbwa wake, Doa. Fisi akimsikia Doa, alilala na njaa. Kila kondoo aliyechinjwa, kichwa chake kilikuwa cha Doa. Ndiyo iliyokuwa desturi.

Msimu mmoja mwana wa Lekishon akaoa Nashipai. Mara kondoo wakaanza kuzunguka. Anazunguka, anazunguka, shingo upande, haoni nyasi, hasikii mluzi, mpaka anaanguka pu! Leo mmoja, kesho wawili. Kila aliyeanguka akachinjwa, na kichwa akapewa nani?

"Doa!"

Wazee wakasema, "Huyu mke kaja na mkosi. Kesho arudishwe kwao."

Nashipai akamlilia mkwewe. "Baba, nimekuja na kibuyu na mikono yangu tu. Huo mkosi nimeuficha wapi? Kondoo anaumwa kichwa, mbona hamtazami kichwani?"

Lekishon alimpenda binti yule, akachukua shoka, akapasua kichwa cha kondoo wa siku ile. Lo! Ndani ya ubongo, kifuko cha maji, kikubwa kama yai, kimejaa chembe nyeupe. Akakumbuka vipande vyeupe vya minyoo alivyoviona kwenye kinyesi cha Doa, palepale kondoo walipokula nyasi.

Akaenda kwa wazee. "Mwacheni mtoto wa watu. Kondoo anakula uchafu wa mbwa, mbwa anakula kichwa cha kondoo, na anayempa kichwa ni mimi. Mkosi ni mkono wangu huu."

Aibu ilimjaa, lakini alisema. Tangu siku ile vichwa vikachomwa moto, majivu yakafukiwa. Doa akafungwa mbali na malisho. Polepole kuzunguka kukakoma, na Nashipai akabaki kwake.

Lakini kila walipochinja, Doa alisimama, akatikisa mkia, akamtazama bwana wake. Naye Lekishon akamgeuzia mgongo, akachimba shimo huku machozi yanamtoka.

Wajukuu, kabla hujamtafuta mchawi, tazama mkono wako umelisha nini.

Kisa nimekiswaga zizini, na mlango nimeufunga.